Tafakari ya Juma: Umeme wa Kadi Kubwa

Baadhi yenu mmetuuliza kwa nini kompyuta ya kuhariria video, ambayo tuliichangia kwa miezi mingi, imewekwa kadi ya michoro ya RTX 5080 badala ya RTX 5090 tuliyokuwa tumeitangaza. Swali hilo ni la haki, maana fedha zilikuwa za wengi. Jibu lake limo katika kifaa ambacho ni nadra mtu kukitupia jicho, yaani pawa saplai.

RTX 5090, iliyotoka Januari 2025, hula hadi wati 575 peke yake, na NVIDIA wanaoitengeneza wanapendekeza pawa saplai ya wati 1000. Bei ya kadi hiyo ingemeza karibu fedha yote, na salio lingetosha kununua pawa saplai ya bei ya chini tu. Muuzaji alituonyesha moja iliyoandikwa wati 1000 kwa tarakimu kubwa. Ilikuwa nyepesi kama kopo tupu. Tuliigeuza tukasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni: njia ya volti 12 imepewa ampea 45. Zidisha, ndugu msomaji. Ni wati 540. Na kwa kuwa kadi na prosesa hunywa karibu umeme wao wote katika njia hiyo hiyo, elfu moja ile ilikuwa ya karatasini.

Tulimweleza muuzaji. Akatujibu kwa upole, "Wazee wangu, wengi wanachukua hizi na hawajarudi kulalamika." Hatukubishana naye.

Wengine watasema tazameni nembo ya 80 PLUS. Nembo hiyo, iliyoanza mwaka 2004, hupima ni sehemu gani ya umeme wa ukutani inayofika ndani bila kupotea kama joto; ya daraja la dhahabu hufikisha takriban asilimia 90 inapobeba nusu ya mzigo. Ni jambo jema, lakini halisemi kama kifaa kitajizima kwa usalama siku mzigo utakapozidi. Tena kadi hizi hazili kwa utaratibu: kwa muda mfupi mno huruka juu sana ya kiwango chao. Ndiyo sababu kanuni ya ATX 3.0 ya mwaka 2022 inadai pawa saplai kubwa zistahimili mkupuo wa hadi mara mbili ya kiwango chake, kwa sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Hilo tuliliweka kuwa sharti.

Ikabaki plagi. Ile ya pini 16 hupitisha hadi wati 600, yaani ampea 50 zinazogawanywa katika pini sita tu. Oktoba 2022 zilianza kuonekana picha za plagi zilizoyeyuka kwenye RTX 4090, na katika nyingi ya zile zilizochunguzwa plagi haikuwa imeingia hadi mwisho. Muundo wa baadaye, 12V-2x6, ulifupisha pini za kupelelezea ili kadi isipate umeme plagi ikiwa nusu nje. Muundo huo ni bora, ingawa haukumaliza tatizo lote.

Basi tulikaa. Kijana mmoja wetu alipinga kwa uchungu: watu walichangia 5090, kwa nini wapewe pungufu? Hoja yake ilikuwa na uzito, wala hatukuipuuza. Lakini RTX 5080 hula wati 360, na pawa saplai ya wati 850 huitosha. Tulichukua ya wati 1000 ya ATX 3.1, yenye waya wake wa pini 16 usiohitaji kiunganishi cha kati, na dhamana ya miaka kumi. Chumba kile cha kazi kina dari ya mbao, na usiku kompyuta huachwa ikichakata video bila mtu.

Kijana yule ndiye aliyeiunga plagi, akaisukuma mpaka ikalia, kisha akaimulika kwa tochi kuhakikisha haina mwanya. Bado anasema tungesubiri miezi mitatu, tukanunua vyote viwili.