Kibra, Kijiji cha Askari wa Zamani

Mgeni afikaye Nairobi, akitajiwa Kibera, hudhani ya kwamba ataonyeshwa mabati yenye kutu na vichochoro vya matope tu. Hayo yapo, wala sitayaficha. Lakini ndani yake mna kijiji cha kale, kilichoanza kabla Nairobi haijaitwa jiji, nami nilikwenda kukitazama.

Nilishuka garini katika barabara ya Ngong, nikapita soko la Toi penye nguo za mitumba, nikateremka hata Makina. Hapo wakaa Wanubi. Katika nyumba niliyokaribishwa ukuta ulikuwa wa udongo, nao umepambwa kwa vifuniko vya kusukwa vyenye rangi nyingi, kazi ya mikono ya akina mama. Bibi mwenye nyumba alivaa gurbaba, vazi la wanawake wa Kinubi. Lugha yao, iliyotokana na Kiarabu cha makambini, ndiyo iliyokipa kijiji jina: Kibra, maana yake msitu.

Babu zao walikuwa askari kutoka Sudani. Wengi wao walibaki baada ya Emin Pasha kuondoka, naye Kapteni Lugard akawaandika jeshini mwaka 1891 awapeleke Uganda. King's African Rifles ilipoundwa mwaka 1902, wao walikuwa miongoni mwa askari wake wa kwanza. Walipozeeka, kwao palikuwa mbali mno, nao waliruhusiwa kujenga, kulima na kufuga katika msitu huu. Mwaka 1918 ekari 4,197 zikatangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Hata jina la Laini Saba, yasemekana, limetokana na mahali askari walipojifunzia shabaha.

Lakini ruhusa si hati. Mwaka 1928 ardhi ilitoka mikononi mwa jeshi, na wazee wale wakahesabiwa kuwa wapangaji ambao Serikali yaweza kuwaondoa ipendapo. Tume ya Ardhi iliyoteuliwa mwaka 1932, chini ya Bwana Carter, ilikiri kwamba Serikali ilikuwa na wajibu juu yao, hati haikutolewa. Ndiyo sababu mtu alijenga kwa udongo. Nani atapanga mawe juu ya kiwanja asichojua kama mwanawe atakirithi? Baada ya Uhuru mitaa ya Serikali na ya makampuni ikajengwa juu ya malisho yao, na wageni kutoka kila pembe ya Kenya wakaja kupanga vyumba, hata Wanubi wakawa wachache katika kijiji chao wenyewe.

Nilitaka kulinganisha, basi nikavuka barabara ya Ngong nikaenda Kawangware, upande wa Dagoretti. Huko ardhi ilikuwa ya Wakikuyu, ikihesabiwa katika Wilaya ya Kiambu kabla mipaka ya Nairobi haijapanuliwa wakati wa Uhuru. Wenye mashamba walikuwa na hati, wakajenga vyumba vya kupangisha, na sasa wengine wapandisha ghorofa za mawe. Wapangaji wao wasongamana vilevile, na maji machafu hupita mlangoni vilevile. Ila mwenye nyumba wa Kawangware hulala akijua kiwanja ni chake, na kwa maoni yangu tofauti hiyo yaonekana hata katika kuta.

Tarehe 2 Juni, 2017, Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hati ya ekari 288, kwa jina la jumuiya yao nzima. Haifiki hata sehemu moja katika kumi ya zile za mwaka 1918. Mzee aliyenipokea Makina hakunung'unika sana kwa hesabu hiyo. Aliyataja zaidi makaburi ya wazee wake.

Jioni nilirudi kwa njia ya reli. Gari la moshi lilipiga king'ora, wachuuzi wakainua mafungu yao ya nyanya na viatu, likapita, nao wakayapanga tena palepale.