Ree na Mzungu wa Tatu

Daftari lina jalada la buluu, na kwenye ukurasa wa kumi na tisa kuna doa la chai lililokauka kwa umbo la mwezi mchanga. Chini ya doa hilo, Februari 2007, saa tisa za usiku, niliandika kwa kalamu nyekundu: "Ree na mzungu wa tatu. Nilikuwa mbele. Mkosi." Ree na mzungu wa tatu ni karata, A na J. Lile neno la mwisho nililiamini miaka sita.

Wakati huo nilikuwa nasoma Leicester, Uingereza. Nilikuwa nimepanga chumba juu ya duka la nguo pamoja na kijana wa Mombasa aliyesomea hesabu za bima. Poka ya intaneti ilikuwa imepamba moto. Mwaka 2003 mhasibu wa Marekani aitwaye Chris Moneymaker alilipa dola 86 kwenye shindano dogo la mtandaoni, akapata nafasi katika shindano kuu la dunia kule Las Vegas, akatoka wa kwanza kati ya watu 839 na kupokea dola milioni 2.5. Mwaka 2006 shindano hilohilo lilikuwa na washiriki 8,773. Kati ya waliojaza zile nafasi walikuwamo watu kama mimi, wenye kompyuta ya mkopo na usiku mrefu wa baridi.

Mimi nilicheza meza za watu sita. Kila mtu alitoa dola 10, ukiacha ada ya wenye meza, akapewa kete 1,500. Wa kwanza alichukua dola 39, wa pili 21, wanne waliobaki wakaondoka mikono mitupu. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri, kisha tano zinafunuliwa katikati kwa wote, na mwenye mchanganyiko bora ndiye mshindi, kama hakuna aliyewatisha wenzake wakatupa karata kabla ya hapo. Meza ya watu wachache haina subira. Dau la lazima linakuzungukia upesi, na linapanda kila baada ya dakika chache. Ukikaa kungojea ree mbili, ambazo huja mara moja katika migao 221, utakuwa umekwisha zamani. Kwa hiyo unacheza karata ambazo kwenye meza ya watu tisa usingezigusa, na unajifunza kuziona kubwa kuliko zilivyo.

Mwenzangu hakuweka hata senti. Alisema kamari ni kamari, iwe ya barazani au ya kwenye kioo, na hakunificha kwamba hakupenda kuniona nikiicheza. Mama yangu naye hakujua, na hilo bado linaniuma. Lakini zile hesabu mwenzangu alizipenda kama mtu anavyopenda wimbo wa nyumba asiyoingia. Alikaa nyuma yangu kitandani, miguu kaikunja, daftari gotini, kikombe cha chai kwenye dirisha. Meza ikiisha tulirudia migao mmojammoja. Yule alisukuma kete zote na nini? Angeweza kuwa na jozi gani? Jozi yoyote huja kwa njia sita, ree na mfalme za aina tofauti kwa njia kumi na mbili, na hivyo ukiona mtu kasukuma, kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba ana ile ya pili kuliko jozi ya ree. Tulikuwa na programu moja ya bure iliyotuambia karata hizi zinashinda zile mara ngapi katika mia. Mengine yote yeye aliyafanya kwa kalamu ya risasi, na mara nyingi tulibishana mpaka jirani akagonga ukuta.

Sitaki kuzisifia siku zile kuliko zilivyokuwa. Chumba kilinuka unyevu, na masomo yangu yaliteseka. Ila tangu hapo sijawahi kukaa na mtu aliyefikiri kwa sauti namna ile.

Basi usiku huo wa doa la chai tulikuwa tumebaki watatu mezani. Kete zote zilikuwa 9,000. Mmoja alikuwa na 4,500, mimi nina 3,000, wa tatu 1,500. Dau la lazima lilikuwa 100 na 200, na ile 200 ilikuwa zamu yangu. Wa tatu akatupa karata zake. Mwenye 4,500 akasukuma zote. Nikafungua zangu: ree ya shupaza na mzungu wa tatu wa uru.

"Tupa," mwenzangu akasema.

"Nitupe ree?"

"Tupa, ndugu yangu. Huyo wa tatu humwoni?"

Sikumwona. Nilimwona yule mbabe aliyekuwa akisukuma kila mgao tangu tubaki watatu, nikajua hana kitu. Saa ya kwenye kioo ilikuwa inahesabu kurudi nyuma. Nikafuata. Karata zake zikafunuka: tisa na nane za kopa. Nikajipiga goti kwa furaha, maana kweli nilikuwa mbele. Zile nne za kwanza hazikumsaidia yeyote kati yetu. Ya tano ikatoka nane ya pao.

Nilipogeuka, mwenzangu alikuwa tayari anaandika. Alikuwa ameanza kuchora safu tatu, moja kwa kila mchezaji. Nikamwambia aache. Akasema tumalize kwanza hesabu. Hapo ndipo nilipomtolea maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nahisi joto masikioni: kwamba mtu asiyeweka hata senti yake hawezi kujua chochote, na kwamba woga wake asiupambe kwa hesabu. Hakujibu. Aliweka kalamu chini, kikombe kikapinduka alipokuwa anasimama, akaufuta ukurasa kwa mkono wa shati, akaenda kulala. Asubuhi alinipikia chai kama kawaida. Lakini kwa muda wote tuliobaki katika nyumba ile hakukaa tena nyuma yangu, na mimi sikumwomba.

Nikaendelea kucheza peke yangu. Kila nilipotolewa katika nafasi ya tatu niliandika neno lilelile kwa wino mwekundu. Neno mkosi lina raha yake, linakufungia mlango wa kufikiri. Aprili 2011, serikali ya Marekani ilipozifungia tovuti kubwa za poka, meza za usiku zikapungua watu, nami nikaacha. Sikuacha kwa hekima, niliacha kwa uchovu.

Mwaka 2013, nimesharudi Unguja, jioni moja nilisimama kwenye baraza moja Ng'ambo kuwaangalia wazee wakicheza wahedi wa sitini. Mchezo huo nimeujua kabla sijajua kuandika. Karata zote kwa pamoja zina pointi 120: ree ni 11, seti 10, mzungu wa nne 4, mzungu wa tatu 3, mzungu wa pili 2. Mwenye 61 kashinda. Mzee mmoja alikuwa anahesabu kimya, midomo ikitikisika kidogo. Wapinzani wakaangusha seti, na yeye mkononi alikuwa na ree ya aina ileile. Akaiacha ipite. Mjukuu wake aliyekuwa anachungulia begani akashindwa kuvumilia.

"Babu, umeacha seti!"

"Seti ya nini, mjukuu wangu? Mimi nataka tatu."

Mzunguko uliofuata akala mzungu wa tatu kwa turufu ndogo, akaweka karata zilizobaki kifudifudi. Alikuwa na 58, sasa ana 61. Nilibaki nimesimama pale hadi adhana ya magharibi, nikiiona tena ile meza ya Leicester.

Nilikuwa nimekua katika mchezo ambao kila mtoto anajua kwamba pointi hazilingani thamani, kwamba ile ya 61 ndiyo kila kitu na ya 62 haina kazi. Kisha nikaenda ng'ambo ya bahari, nikaziona kete kwenye kioo, nikadhani kila moja ina uzito sawa na mwenziwe.

Usiku huo nililitoa daftari sandukuni, nikaimalizia hesabu niliyoikatiza. Ukihesabu kete tu, nilikuwa sahihi. Nikitupa nabaki na 2,800. Nikifuata nikashinda ninakuwa na 6,000. Kwa hiyo ingetosha kushinda mara 47 katika 100, na ree na mzungu wa tatu hushinda karata za kubahatisha mara 63 au 64. Lakini kete huwezi kwenda nazo dukani. Kinacholipwa ni nafasi. Kanuni ya kuzigeuza kete kuwa fedha si ngumu: uwezekano wako wa kuwa wa kwanza ni sehemu uliyonayo ya kete zote, kisha unamtoa wa kwanza na kugawa upya zilizobaki ili kumpata wa pili. David Harville aliiandika mwaka 1973 akifikiria mbio za farasi, na Mason Malmuth akaifikia kwa upande wa poka mwaka 1987. Kwa kanuni hiyo, kete zangu 2,800 zilikuwa na thamani ya dola 20 na senti 58. Nikishinda na kuwa na 6,000, ni dola 31 na senti 60. Nikishindwa, sufuri. Yaani kete zingezidi mara mbili, fedha ingeongezeka kwa nusu tu, na ili nithubutu kufuata nilipaswa kushinda mara 65 katika 100.

Hata kama yule mbabe alikuwa anasukuma bila kutazama karata, bado nilipaswa kutupa. Na zile tisa na nane za kopa, ree yangu inazishinda chini kidogo ya mara sita katika kumi. Kwa hiyo hata angezifunua mapema, nikaziona kwa macho yangu, nikajua kwa yakini kwamba niko mbele, jibu lilikuwa tupa. Hilo ndilo lililonikalisha chini sakafuni. Ile nane ya pao haikuwa na hatia yoyote.

Siku hizi hesabu hii haimchukui mtu usiku. Kijana anabandika mgao wake kwenye programu, na kabla hajameza mate amepewa jibu lenye rangi, kijani fuata, nyekundu tupa. Mwaka 2019 programu iitwayo Pluribus, ya Noam Brown na Tuomas Sandholm, iliwashinda wataalamu katika meza ya watu sita. Niliisoma habari yake kwa heshima kubwa. Niliona pia kwamba kila mgao ulianza upya, kila mchezaji na kete 10,000, hivyo lile swali langu la nafasi ya tatu halikuwapo mezani kabisa. Na wapwa zangu hapa mjini hawana hata haja ya kubandika kitu, maana simu zao zimejaa mikeka ya mpira, ambayo haimwachii mtu nafasi ya kuuliza thamani ya alichonacho. Hubonyeza wakiwa peke yao. Nikikaa nao natafuta yule wa kusema "tupa" nyuma ya mgongo wao, simwoni.

Ilinichukua miaka mingine kumtafuta mwenzangu. Aibu ina kanuni zake. Mwaka jana nikapata namba yake kupitia mtu tuliyesoma naye. Yuko Mombasa, bado kwenye bima. Nikampigia picha ukurasa ule, doa na wino mwekundu, pamoja na hesabu yangu nzima iliyoandikwa vizuri, nikamtumia bila salamu ndefu. Hakuandika jibu. Alipiga simu.

"Umehesabu fungu lako na la yule mkubwa," akasema. "La wa tatu liko wapi?"

Sikuwa nalo. Nilisikia droo ikifunguliwa, karatasi zikichakurwa. Tukalihesabu pamoja kwenye simu, yeye anasoma, mimi naandika. Ningetupa, yule wa tatu angekuwa na dola 11 na senti 91. Nimefuata na kushindwa: anaruka hadi dola 24. Ningefuata na kushinda: 14 na senti 20. Hakuweka kete hata moja, na kwa vyovyote vile amepata.

"Vita vya panzi," akasema.

"Furaha ya kunguru," nikamalizia. Ndiye aliyekuwa akinionyesha usiku ule, na mimi nilimwita mwoga.

Nikamwomba radhi. Nilitaja maneno yenyewe, moja baada ya jingine, ya senti na ya woga, nisije nikaomba radhi ya jumla. Upande wa pili kukawa kimya kwa muda, nikasikia muadhini wa kwao kwa mbali.

Kisha akaniuliza dau la lazima lilikuwa limebakiza dakika ngapi kupanda, kwa sababu kanuni ya Harville hailijui hilo, na yule wa tatu mwenye 1,500 alikuwa analijua.