NINAOMBA, NA BADO NATIA DAWA MACHONI



Juma hili dada mmoja wa kanisa letu ameniuliza swali. Kwa ruhusa yake nalijibu hapa, maana najua si yeye peke yake aliye nalo. Ana presha ya macho, na ameombewa. Sasa anauliza: "Pasta, nikiendelea kutia dawa, si ni kama sijaamini?"

Dada yangu, hata mimi ninayo. Huu ni mwaka wa 6 natia tone moja kila jicho kabla sijalala. Naomba, kisha natia dawa. Sijaona hayo mawili yakigombana.

Wacha niwaeleze ugonjwa wenyewe, kwa sababu tunaogopa tusichokijua. Hospitalini wanauita glaukoma. Ndani ya jicho mna maji, si machozi, yanayotengenezwa na kutoka kila wakati. Yasipotoka vizuri, presha hupanda na kuumiza neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Wengine huumia neva hata presha ikiwa ya kawaida. Ndiyo maana daktari hapimi presha tu. Huangalia neva nyuma ya jicho na kupima upana wa kuona kwako.

Msichanganye na mtoto wa jicho. Huo ukifanyiwa operesheni, mtu huona tena. Glaukoma ikishachukua, hairudishi. Marehemu baba yangu alidhani ni mtoto wa jicho, akawa anangoja "uive" ndipo aende. Alikuwa akigonga mlango kwa bega na kukosa kikombe mezani, majirani wakisema ni uzee. Alipofika kwa daktari, jicho la kulia lilikuwa limezimika, na la kushoto lilikuwa likiona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Hakuwa amesikia maumivu hata siku moja.

Hapo ndipo penye mtego, wapendwa. Aina iliyo ya kawaida hapa kwetu haiumi. Inaanza kula pembeni, na katikati unaendelea kuona vizuri. Iko aina nyingine inayokuja ghafla, na jicho jekundu, maumivu makali na kutapika. Hiyo usiiombee ukiwa umelala nyumbani. Iombee ukiwa kwenye gari la kwenda hospitali.

Matibabu yako ya namna tatu: dawa ya matone, leza, na operesheni ya kuyafungulia maji njia. Yote yanashusha presha ili kulinda kilichobaki. Ukitia tone, funga jicho na ubonyeze kona iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili, dawa isikimbilie kooni. Kama una dawa mbili, ngoja dakika 5 katikati. Mwenye pumu amwambie daktari mapema, kwa sababu dawa kama timololi inaweza kumbana kifua. Na tuache kununua matone ya macho ovyo dukani. Mengine yana steroidi, na hiyo yenyewe inaweza kupandisha presha.

Sasa nirudi kwa imani. Soma 2 Wafalme 20. Hezekia alikuwa ameshapewa neno kwamba atapona na kuongezewa miaka 15. Bado Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Neno lilikuwa limetoka, na tini zikatumika. Nani atasema Isaya hakuwa na imani?

Tena, wale wakoma kumi Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao ndio waliokagua wagonjwa siku zile. Kwa hivyo ukiamini umeponywa, nenda upimwe. Uponyaji wa Mungu hauogopi mashine. Daktari akisema acha dawa, njoo madhabahuni ushuhudie, nami nitaruka pamoja nawe. Lakini usiache kwa sababu "nasikia niko sawa". Ugonjwa huu husikii ukija, na dawa husikii ikifanya kazi. Ukiacha leo, kesho hutaona tofauti. Utaiona baada ya muda, na wakati huo hakuna wa kukurudishia.

Kama shida ni pesa ya dawa, usinyamaze ukaruka siku. Mwambie daktari, ziko za bei tofauti. Na uniambie mimi, tuone kama kanisa tutafanya nini.

Ombi langu kwenu wengine: sisi watu weusi tunashikwa zaidi na mapema zaidi, na ugonjwa huu unatembea ndani ya familia. Ukiwa umefika miaka 40, kapimwe. Kama mzazi au ndugu yako anao, usingoje hata hiyo 40. Kenyatta wanapima, Kikuyu wanapima, Sabatia kule Vihiga wanapima. Mimi nilipimwa kwa sababu ya baba, ikapatikana ningali naona vizuri. Leo nasoma Biblia yangu bila shida, na kwa hilo namshukuru Mungu pamoja na daktari wangu.

Wewe mwenye dawa, usiku wa leo itie. Wewe usiye nayo, mpigie ndugu yako simu, mpange siku.

Baba, tulindie macho yetu, na utupe hekima ya kuyatunza. Amina.