Maua ya Kitulo Wakati wa Mvua

Wengi wenu mmesikia habari za Kitulo, ule uwanda ulio katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, yapata meta 2,600 juu ya bahari, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa, nayo ilitengwa hasa kwa ajili ya maua, si kwa ajili ya tembo wala simba. Tulipofika huko mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa saba: majani makavu, upepo, na asubuhi sakitu imelala juu ya nchi. Safari hii tulipanda mwezi wa pili, mvua ikiwa imekolea.

Jinsi nchi ilivyogeuka! Maua yote hatuwezi kuyataja. Yako yenye mashina marefu na vichwa vyekundu kama makaa ya moto, na ndege chozi huyaning'inia wakifyonza. Lakini sisi tulikaa zaidi penye okidi, ambazo aina zake huko hupita 40.

Iko moja ambayo ua lake lina umbo la kofia, na nyuma yake vimeshuka vijimkia viwili vyembamba. Asali imefichwa chini kabisa ya vijimkia hivyo, wala nzi hawezi kuifikia. Hapana budi aje mdudu mwenye ulimi mrefu. Jua lilipokuwa likishuka tulimwona nondo akija, na ulimini mwake zimegandama chembe mbili za manjano. Hizo ndizo unga wa ua, uliofungwa pamoja kama bonge. Nondo huzichukua pasipo kujua, akazipeleka katika ua la pili. Mbegu zizaliwazo ni elfu nyingi, laini kama vumbi, wala hazina akiba ya chakula. Mbegu haioti mpaka ikutane udongoni na kuvu ya kuilisha.

Basi, chini ya shina mna viazi viwili. Kimoja ni cha mwaka huu, nacho hunywea na kulegea. Cha pili ni kigumu, ndicho cha kuchipua mwaka ujao. Wachimbaji hukitaka kile kigumu. Hupelekwa Zambia, kikasagwa na kupikwa pamoja na karanga, kikawa chakula kiitwacho chikanda, nacho (tumekionja) ni kitamu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikadiriwa kwamba viazi vilivyotoka nyanda hizi kwenda huko vilifika hata milioni 4 kwa mwaka. Ndani ya hifadhi kuchimba kumekatazwa. Walakini milima ni mipana, na askari ni wachache.

Katika kijiji kimoja cha kando tulimweleza mama mmoja habari za nondo na za viazi viwili. Alitusikiliza kwa adabu. Kisha akasema kwamba habari za viazi alizijua tangu utotoni, kwa vidole vyake: kilicho laini walikiacha shimoni, nacho kilioza. Habari za nondo ndizo zilizokuwa mpya kwake, akatuuliza mara mbili juu ya ule ulimi.

"Ni kazi ya ajabu, mwalimu," akasema. "Lakini mwaka ule mbaridi ulipounguza viazi vyetu vya shambani, madaftari ya watoto yalitoka katika okidi. Ukiunguza tena, yatatoka wapi?"

Tulikaa naye mpaka chai ikapoa, nasi hatukuwa na jibu la kumpa.