Kuvuka Likoni na mtoto asiyesema

Ukitaka kujua mzigo anaoubeba mzazi wa mtoto mwenye usonji, msomaji, vuka naye kivuko cha Likoni saa kumi na moja jioni.

Wakati huo watu wanatoka kazini kisiwani Mombasa kurudi makwao. Mikokoteni inasukumwa, bodaboda zinanguruma, wachuuzi wa njugu na maji baridi wananadi, na feri yenyewe inapiga honi inayotikisa kifua. Mtoto wa miaka saba anaziba masikio. Halafu anajitupa chini, anapiga mayowe, anajiuma mkono mpaka meno yanaacha alama. Mama yake anamkumbatia kwa leso huku jasho likimtiririka.

Hapo ndipo hukumu zinapoanza. "Mchape huyo, mmemdekeza!" anasema mzee mmoja. "Si bure, ana kitu huyo," ananong'ona mwanamke aliye kando. "Mpelekeni akasomewe." Mama hajibu. Kayasikia hayo mara nyingi.

Makala ya leo yanakualika usafiri na mama huyo na mwanawe, kutoka Likoni hadi Msambweni. Ni safari ya yapata kilomita 50 tu. Njiani tutatazama jambo moja: je, mtoto anapopiga, anapouma, anapokimbia ovyo au anapojigonga kichwa ukutani, afanyiwe nini?

Usonji, ambao wengine huuita tawahudi, si kichaa wala si utukutu, na hauambukizi. Ni namna ubongo ulivyokua tangu utotoni, ikamfanya mtoto apate tabu kuwasiliana na kuchanganyika na wenzake, apende mambo yaende vile vile kila siku, na pengine asistahimili sauti, mwanga au mguso ambao wewe na mimi hatuusikii hata kidogo. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, ndiye aliyeandika habari za watoto 11 wa aina hii mwaka 1943. Wapo wanaosema vizuri na kufaulu shuleni, na wapo wasiotamka neno maisha yao yote.

Huyu wetu wa kwenye feri ni wa hawa wasiosema. Kwa hiyo mayowe yake ndiyo maneno yake.

DAFTARI LA SAFU TATU

Feri imefika ng'ambo. Matatu ya Ukunda inapita Ng'ombeni na Waa, minazi na miembe pande zote mbili, na mtoto sasa ametulia dirishani. Nini kilichobadilika? Kelele zimekwisha, na upepo unampiga usoni. Mama akiliona hilo, amekwisha kuanza tiba.

Wataalamu wa tabia humshauri mzazi achukue daftari la kawaida na kupiga mistari apate safu tatu. Ya kwanza ni kilichotangulia, ya pili ni tendo lenyewe, ya tatu ni kilichofuata. Kwa mfano: honi ya feri ililia, mtoto alijiuma, mama alimtoa kwenye umati. Siku nyingine: aliambiwa aoge, alimpiga dada yake, kuoga kukaahirishwa. Baada ya wiki mbili daftari hilo litakuonyesha mambo ambayo macho yako hayakuyaona.

Mara nyingi sababu huwa moja kati ya nne. Mtoto anataka kitu. Au anakwepa jambo linalomshinda. Au anataka umwangalie. Au mwili wake wenyewe unatafuta raha, au unakimbia maudhi. Kujiuma kule kule kwaweza kuwa na maana moja kwa mtoto huyu na maana nyingine kabisa kwa mwenzake.

Lakini kabla ya yote, mwangalie asije akawa mgonjwa. Jino lililooza, sikio linalouma, tumbo lililofunga choo, malaria: mtoto asiyeweza kusema "naumwa" hujigonga kichwa. Tena kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi ya wengine. Tabia ikibadilika ghafla, mguu wa kwanza uende hospitali.

Ukishajua sababu, unamfundisha mtoto njia nyingine ya kupata kile kile alichokuwa akikitafuta kwa vurugu. Mwaka 1985, Edward Carr na Mark Durand huko Marekani walionyesha kwamba watoto waliokuwa wakifanya fujo ili wasaidiwe au waangaliwe, walipofundishwa namna ya kuomba, fujo zao zilipungua sana. Asiyesema anaweza kufundishwa ishara ya mkono, au kadi yenye picha. Anaponyosha kadi ya "nipumzike", apumzishwe papo hapo. Akiona kwamba kadi inafanya kazi haraka kuliko meno, ataiacha mikono yake.

Onyo moja, msomaji. Unapoacha kumpa mtoto kitu kwa sababu amepiga kelele, siku za kwanza kelele zitazidi. Wazazi wengi hukata tamaa hapo, wakampa. Kumbe wamemfunza kwamba akizidisha, atapewa! Shikilia, na nyumba nzima ishikilie, bibi na shangazi wakiwamo.

NJIA PANDA YA KOMBANI

Kombani matatu hutua abiria wa kupanda Kwale. Mji wa Kwale uko juu, penye baridi kidogo, karibu na msitu wa Shimba wenye ndovu na palahala. Huko ndiko makao makuu ya kaunti, na huko ndiko mzazi aulizie ofisi ya elimu. Tangu mwaka 1984 Kenya imekuwa na vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, ambavyo kazi yake ni kumpima mtoto na kushauri asome wapi.

Lakini mama wetu, kama wazazi wengi wa Pwani, huenda alipita kwingine kwanza. Amevaliwa mtoto hirizi, amenyweshwa kombe, amepungiwa pepo usiku kucha kwa ngoma. Mbuzi amekwenda, kuku wamekwenda. Utafiti uliofanywa Kilifi na Mombasa na Joseph Gona na wenzake, na kuchapishwa mwaka 2015, ulikuta wazazi wakitaja pepo wabaya, uchawi na laana kuwa chanzo cha usonji, sambamba na sababu za kitabibu kama shida wakati wa kuzaa. Na walitafuta tiba kote: kwa mganga, kwa maombi na kwa daktari.

Tusiwacheke. Wazungu nao walikuwa na uchawi wao. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim wa Chicago alitoa kitabu kilichowabebesha wazazi lawama, hasa akina mama, kwamba ubaridi wao ndio uliomfunga mtoto. Mama wengi walilia bure kwa ajili ya maneno yale, ambayo baadaye yalikataliwa. Dua haimdhuru mtoto, na humpa mzazi nguvu. Kinachodhuru ni kumchanja, kumfukiza moshi, kumnyima chakula au kumpiga ili "kitu" kitoke. Hapo simama ukatae.

Na fimbo je? Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Kwa mtoto huyu fimbo ina hasara mara mbili: haimwambii afanye nini badala yake, na humfundisha kwamba mwenye nguvu hupiga. Hata wataalamu walipitia njia hiyo. Ivar Lovaas wa California, ambaye utafiti wake wa mwaka 1987 uliipa sifa kubwa tiba ya kufunza tabia kwa saa 40 kwa wiki, alikuwa ametumia makofi na hata umeme hapo awali. Leo watu wazima wenye usonji wenyewe wanalalamikia mafunzo ya aina hiyo, hasa pale mtoto anapolazimishwa kukaa kama watoto wengine kwa ajili ya macho ya watu tu. Akipunga mikono kwa furaha, amemwumiza nani? Mwache. Tiba ielekezwe kwenye yale yanayomtia hatarini au yanayomzuia kujifunza.

DIANI: BAHARI HAINA MLANGO

Ukunda unashika tuktuk, unateremka Diani. Mchanga mweupe kama unga, na mbele yako bahari. Hapa ndipo moyo wa mzazi unapodunda.

Watoto wengi wenye usonji hupenda maji mno. Wengi pia hutoroka: utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu nusu walikuwa wamejaribu kuondoka nyumbani au mahali pa usalama baada ya kutimiza miaka minne. Mtoto asiyejua hatari, na bahari isiyo na mlango! Ndiyo maana wapo wazazi wanaomfunga mtoto kamba mguuni waende kutafuta riziki. Usiharakishe kuwalaani. Lakini kamba humwumiza, na nyumba ikishika moto haina huruma. Komeo lililowekwa juu, kengele ndogo mlangoni, kitambaa chenye nambari ya simu kilichoshonwa kwenye shati, na majirani, wavuvi na vijana wa ufukweni wanaomjua mtoto kwa jina, hivyo ni bora. Kisha afunzwe kuogelea. Mtoto anayependa maji ni mwanafunzi mwepesi wa maji.

Kuna jambo jingine la bahari ambalo vitabu vya ughaibuni havilisemi. Mtoto anayependa ratiba hukasirishwa na bahari. Leo saa kumi jioni maji yamekupwa, anacheza kwenye vidimbwi. Lakini kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50, na baada ya wiki moja, saa ile ile ya kumi, maji yamejaa hadi ukingoni. Kwake huo ni uongo! Anapiga, analia. Mchoree kadi mbili, moja ya maji yamejaa na moja ya maji yamekupwa, umwonyeshe asubuhi ipi itakuwa leo. Halafu tumia picha za "kwanza" na "halafu": kwanza tule, halafu baharini. Njia ya kupanga siku kwa picha ilijengwa North Carolina na Eric Schopler na wenzake tangu miaka ya 1970. Nayo haidai zaidi ya kalamu na boksi la kukatwa.

Ukitoka ufukweni tazama juu ya barabara ya Diani. Utaona ngazi za kamba zimetandazwa kutoka mti hadi mti. Mbega walikuwa wakigongwa na magari, na wahifadhi, waliounda shirika lao hapo mwaka 1997, wakawatundikia madaraja wapite juu. Hawakukaa kumfunza mbega sheria za barabarani. Nusu ya tiba ya mtoto wetu iko hapo: badilisha mahali kabla hujambadilisha mtoto.

Mbele kidogo ni Kaya Kinondo, mmoja wa misitu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni hufungwa kaniki na kuingia kwa adabu. Kivuli, majani chini ya miguu, hakuna honi. Kwa mtoto aliyechoshwa na kelele, nusu saa mahali kama hapa yaweza kumtuliza kuliko maneno mia.

MSAMBWENI

Tunamalizia Msambweni, kwenye mikorosho na hospitali ya rufaa ya kaunti. Huko mzazi ataulizia dawa. Ukweli ni kwamba hakuna dawa ya kuondoa usonji. Zipo chache za kupunguza hasira na kujiumiza, kama risperidone, iliyoidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 2006. Huweza kumnenepesha mtoto na kumtia usingizi, kwa hiyo hutolewa na kufuatwa na daktari. Usiinunue dukani kwa kusikia jirani.

"Mimi nitampata wapi mtaalamu wa kila siku?" utauliza. Jibu ni kwamba mtaalamu wa kila siku ni wewe. Shirika la Afya Duniani limetayarisha mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka miwili hadi tisa: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu nyumbani, yakiongozwa na watu wasio mabingwa, waliofunzwa kazi hiyo. Mzazi hufunzwa kucheza na mtoto, kufuata anachokipenda, kumsifu papo hapo anapofanya vyema, na kumfundisha kazi kwa hatua ndogo ndogo. Kukuna nazi kwaweza kuwa somo. Leo ashike kifuu tu, umsifu. Kesho akune mara mbili.

Jioni mama anarudi Likoni. Angeweza kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu asionane na feri, lakini nauli ni nauli. Safari hii amefika mapema kabla ya umati, amemfunika mtoto masikio kwa leso, na mkononi mtoto ana kadi yake.

Nawe, msomaji, pengine utakuwa abiria wa pembeni. Honi ikilia na mtoto akaanguka, usiseme "mchape". Wapishe nafasi, mpokee mama kikapu, umwulize kwa sauti ya chini: "Mama, nikusaidie vipi?" Kisha ngoja akuambie.