Kichwa Juu, Miguu Chini

Mwenzenu nina ugonjwa mpya. Nikimaliza kazi usiku, badala ya kulala nawasha simu na kutazama watu wakiogelea. Tena sitazami kama mtu anavyotazama mpira, la hasha. Nasimamisha picha, narudisha nyuma, nasogeza mbele kidogo, nasimamisha tena. Juzi nilikuwa na Pan Zhanle, yule Mchina aliyeogelea mita 100 mtindo huru kwa sekunde 46.40 kule Paris mwaka 2024 na kuweka rekodi ya dunia. Mbio hizo hizo za Paris ziliogelewa pia na Mtanzania mwenzetu, Collins Saliboko. Nalisema hili mapema kabla hamjaniuliza sisi na mabwawa ya Ufaransa wapi na wapi.

Lakini aliyeniambukiza ugonjwa huu si Saliboko. Ni kaka yangu mmoja, mtoto wa mjomba, wa kule kwetu Mkula.

Mkula iko Busega. Zamani ilihesabiwa wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza. Mwaka 2012 tukaamka tuko mkoa mpya wa Simiyu, makao makuu Bariadi, ziwa likabaki pale pale. Utotoni tulikuwa tukipakizana kwenye baiskeli hadi ziwani upande wa Lamadi, kinyume cha amri ya kila mtu mzima. Kuna mamba, walituambia. Kuna kichocho. Na MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996 na mamia ya watu, ilikuwa bado inatajwa kwa sauti ya chini. Tulikwenda hivyo hivyo. Kaka ndiye aliyenifundisha kuogelea, na somo lenyewe lilikuwa fupi: alinisukuma.

Yeye alikuwa bingwa wetu. Shingo imesimama kama ya bata, mikono inazunguka juu ya maji mmoja baada ya mwingine, povu nyuma. Miaka mitatu iliyopita mtumbwi wao wa dagaa ulipinduka usiku. Walikuwa wanne. Watatu wasiojua kuogelea waling'ang'ania mtumbwi mpaka alfajiri wakaokotwa. Kaka, aliyejua, aliziona taa za nchi kavu akaamua kuzifuata.

Basi ndiyo maana nasimamisha picha.

Kitu cha kwanza utakachokiona ni kwamba hawa mabingwa hawapigani na maji. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, na ukiongeza mwendo mara mbili, ukinzani wake unakuja karibu mara nne. Kwa hiyo kabla ya nguvu, kazi yao ni kujifanya wembamba. Uso unatazama chini. Mwili ni kama mizani: ukiinua kichwa, nyonga na miguu vinazama, na hapo huogelei tena, unalima. Wakitaka hewa hawainui kichwa. Wanakigeuza pamoja na bega, jicho moja likiwa bado majini, na mdomo unavuta hewa kwenye kibonde kidogo ambacho kichwa chenyewe kimekichimba kwenye maji.

Halafu kiwiko. Hapa ndipo nilipotumia usiku mwingi. Mkono ukishaingia majini, kiwiko kinabaki juu karibu na uso wa maji, na kuanzia hapo hadi kwenye vidole mkono unashuka na kuelekea nyuma. Kiganja na mkono vinakuwa kasia moja. Sisi tulikuwa tukivuta kwa kiganja peke yake, kiwiko kimelegea, tukidhani tunavuta kumbe tunapapasa.

Msidhani wataalamu wenyewe wanakubaliana. Kocha Mmarekani James Counsilman aliwapiga picha waogeleaji chini ya maji, akafundisha kwamba kiganja hufanya kazi kama bawa la ndege. Waliokuja baadaye, wengi wakasema hapana, sukuma tu maji nyuma. Na Katie Ledecky anaogelea kwa kuchechemea kama farasi anayekimbia, na ameshinda kila kitu.

Filamu ninayoirudia kuliko zote ni ya Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, Sydney, mwaka 2000. Wenzake wawili waliondolewa kwa kuanza kabla ya wakati, akaogelea peke yake mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Dunia ilicheka. Nami niliicheka. Siku hizi nikifika zile mita za mwisho, kichwa juu, nyonga zimezama, miguu haipo tena, sicheki. Ni kaka yule.

Na mikono yake kaka haikuwa ya kishamba hata kidogo. Mwaka 1844 Wahindi Wekundu wawili waliogelea London wakirusha mikono juu ya maji namna hiyo, na Waingereza wakaona ni fujo. Wao waliendelea na mtindo wao wa chura. Kosa lilikuwa kichwa tu. Lakini ziwani kichwa unakiinua kwa sababu: hakuna ule mstari mweusi wa sakafuni, kuna mawimbi, kuna taa unayoifuata. Waogeleaji wa maji ya wazi nao huchungulia, ila huinua macho tu, na makocha wao wanayaita macho ya mamba. Tuliokatazwa ziwa kwa ajili ya mamba!

Mwezi uliopita nilikwenda Mkula nikamwonyesha mjomba. Alitazama kimya, simu ameishika kwa mikono miwili.

"Kutoka hapo mpaka ukingoni ni mbali kiasi gani?"

"Upana wote wa bwawa ni mita 25, mjomba."

"Na ni mchana."

"Ni taa, lakini ndiyo, kama mchana."

Akaniuliza kama mwanawe angefika iwapo angeweka kichwa chini. Nilikuwa na hesabu zangu kichwani: Bobby Finke, mita 1,500, dakika 14 na sekunde 30.67. Lakini taa za usiku huonekana karibu hata zikiwa mbali. Nikasema labda.

Mdogo wake marehemu, yuko darasa la tano, akaomba nirudie pale pa kiwiko. Nikarudia.

"Mwonyeshe na pale pa kushika mtumbwi," mjomba akasema.

Nikamwambia hapo hapamo kwenye picha.