Chuo Alichokificha Insta

Dada mmoja wa Tabata, sasa yuko Houston, Texas, alimaliza miezi mitatu bila kuposti picha hata moja ya chuo. Msosi anaposti, nywele anaposti, chuo kimya. Kumbe anasoma komyuniti koleji, na kwenye grupu la ukoo ilishatangazwa kwamba yuko yunivasiti. Anti mmoja aliuliza jina la chuo mara mbili, akajibiwa kwa emoji.

Aibu ilitoka nyumbani. Bongo ukisema koleji, watu wanasikia "pointi hazikutosha". Marekani iko tofauti. Komyuniti koleji inapokea karibu kila mtu, ada yake iko chini sana kuliko ya chuo kikuu, na unaweza kusoma miaka miwili ya kwanza pale kisha ukahamia chuo kikuu kumalizia digrii. Cheti cha digrii kinatoka na jina la chuo ulichomalizia. Wala sio mambo ya juzi: ile ya Joliet, Illinois, ilianza mwaka 1901. George Lucas, yule wa Star Wars, alipitia Modesto Junior College kabla ya kwenda USC.

Mama yake alipoambiwa ukweli aliuliza kitu kimoja tu: "Ada umelipa?" Amelipa. "Basi soma, mwanangu."

Ila wakati dada anapambana na jina la chuo, shida yenyewe ilikuwa kwenye krediti. Digrii kwa kawaida ni krediti 120, na nusu yake unaweza kuipata koleji. Lakini anayeamua zipi zipokelewe ni chuo kikuu unachohamia. Yeye alishajisajili somo la hesabu ambalo chuo anachokilenga hakilihesabu kwenye uhasibu. Aliyemshtua ni kaka mmoja Mkenya wanayebeba naye boksi usiku: "Siste, umeongea na mshauri wa masomo?" Wapi! Alikuwa anaona noma hata kuingia ile ofisi. Kaka mwenyewe alipohama, masomo yake matatu yalikataliwa. Akalipa upya, akasoma upya, huku bado anabeba boksi.

Kesho yake dada akaenda. Somo likabadilishwa kabla dirisha la usajili halijafungwa.

Kwa hiyo kama una mdogo wako anaanza huko, achana na jina la chuo. Muulize krediti zake zinahamia wapi.